Hali ya Stempu na Thamani Yake: Kutoka Vuga hadi Temeke



Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto katika nchi hii ambayo wakati huo iliitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, posta ya Wajerumani ilipungukiwa na stempu. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, na shehena kutoka Ulaya haikuweza kuingia ila kwa kubahatisha. Ikabidi watumie walichokuwa nacho. Kule Vuga, katika milima ya Usambara, palikuwa na mtambo wa kupiga chapa wa misheni. Mtambo huo ndio uliotumiwa kuchapa stempu za aina tatu: heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Kabla hazijaanza kuuzwa, meli iliyofaulu kupenya kizuizi ilileta stempu za kawaida, na zile za Vuga zikakosa kazi. Waingereza walipozidi kusonga mbele, zilifukiwa ardhini ili zisianguke mikononi mwao. Zilifukuliwa mwaka 1921, zikapelekwa Berlin, na huko zikauzwa kwa mnada.

Hebu fikirini: karatasi yenye gundi, ndani ya udongo wa nchi yetu, kwa misimu mitano ya masika. Nyingi ziliharibika. Zilizosalia aghalabu zina madoa ya unyevu, na nyingine gundi yake imekwisha kabisa. Hata hivyo wakusanyaji wa stempu duniani wanazigombea mpaka leo, ila kwa bei zinazopishana kama mlima na bonde. Stempu iliyokuwa katikati ya furushi, ambayo maji hayakuifikia, ina bei yake. Ile iliyokuwa pembeni ina bei nyingine. Historia yao ni moja, mtambo ulikuwa mmoja, shimo lilikuwa moja. Kilichozitofautisha ni pale maji ya mvua yalipokomea.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu tangu kamati yetu iliponiomba niandike mintarafu ya mali ya kilichokuwa chama cha stempu cha shule yetu, nimekuwa nikisikia kauli moja kutoka kwa wenzangu: "Ni za zamani, basi ni ghali." Hapana shaka wanasema hivyo kwa nia njema. Lakini uzee peke yake haumpi mtu heshima, sembuse karatasi. Thamani ya stempu imekaa juu ya mafiga matatu: zimebaki ngapi, wanaozitaka ni wangapi, na ziko katika hali gani. Figa la tatu ndilo ambalo watu hulisahau, na ndilo ambalo aliyenazo nyumbani anaweza kuliharibu kwa mkono wake mwenyewe katika dakika tano.

Mkusanyaji akiishika stempu kwa kibano, kwanza hutazama meno yake. Stempu hutenganishwa kwa matundu madogo yaliyotobolewa kwenye karatasi, na ukiichana hubaki na meno pande zote nne. Jino moja likikatika bei inashuka. Kona ikipotea imeanguka. Kisha hutazama kama picha imekaa katikati au imeegemea upande, maana mashine za zamani hazikuwa na shabaha nzuri. Hutazama rangi: je, imepauka kwa jua? Kama stempu ilitumika, hutazama muhuri: je, unasomeka jina la mji na tarehe, au ni bonge la wino mweusi? Baada ya hapo huigeuza, na mgongoni ndiko kwenye maneno. Hapo huonekana karatasi iliyokwanguka, mkunjo, madoa ya kahawia yanayofanana na kutu, na hali ya gundi.

Zamani wakusanyaji wote walipachika stempu kwenye albamu kwa vibandiko vidogo vya karatasi nyembamba iliyokunjwa, na hakuna aliyeona ubaya. Baadaye, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, wanunuzi wa Ulaya walianza kudai stempu mpya ambayo mgongo wake haujaguswa kamwe. Tangu hapo stempu mbili za tarehe moja, zinazofanana usoni kama mapacha, hutofautiana bei kwa sababu moja ina kovu la kibandiko mgongoni. Mimi naona ni wazimu wa namna yake, kulipia mgongo ambao ukishaufunga ndani ya albamu hautauona tena. Lakini soko haliniulizi mimi. Na mara bei ya mgongo ilipopanda, wakatokea mafundi wa kupaka gundi mpya juu ya stempu za zamani na kuziuza kama bikira.

Historia ya stempu za nchi yetu imejaa mifano ya jinsi hali ya kitu inavyoamua bei. Wajerumani walifungua posta Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890, na kuanzia mwaka 1893 waliuza stempu za kwao zilizopigwa juu yake chapa ya pesa, yaani ile pesa ambayo 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1901 ikaja picha ya meli ya Kaisari, na mwaka 1905 hesabu ikageuzwa kuwa heller 100 kwa rupia. Kwa baadhi ya stempu za mwisho za Wajerumani mambo yamegeuka juu chini: mpya zinapatikana kwa wingi kwa kuwa ziliuzwa kwa wakusanyaji huko Berlin, lakini iliyotumika kweli hapa, yenye muhuri halisi wa posta ya hapa, ndiyo adimu. Hapo ule wino unaomchukiza mnunuzi wa stempu mpya ndio unaoleta fedha. Na palipo na fedha pana mihuri ya kughushi.

Waingereza nao walipoiteka Mafia mwezi Januari 1915 walizipiga stempu za Kijerumani walizozikamata chapa ya kuonyesha kwamba mwenye amri sasa ni mfalme wao. Mwaka 1916 majeshi yaliyotoka Nyasaland yalitumia stempu za huko zenye herufi N.F., na mwaka uliofuata zikaja za Afrika Mashariki na Uganda zenye herufi G.E.A. Kisha mwaka 1922, Tanganyika ikiwa chini ya udhamini, akatokea twiga. Wazee wanazikumbuka stempu za twiga: kichwa na shingo ndefu, kwa senti na kwa shilingi, mpaka paundi moja. Ziliendelea hadi 1927, alipoingia Mfalme George wa Tano na kumwondoa mnyama wetu.

Katika stempu za thamani kubwa za wakati ule upo mtego ambao vijana wanapaswa kuufahamu. Stempu hizo zilitumika kwa barua na pia kwa kodi ya hati. Kenya na Uganda, mathalani, zilitoa stempu za mwaka 1922 zilizofika paundi 100. Ni barua gani duniani iliyohitaji stempu ya paundi 100? Zilibandikwa kwenye hati za ardhi na leseni, zikafutwa kwa kalamu ya wino au kwa muhuri wa ofisi isiyo ya posta. Stempu iliyofutwa hivyo ina thamani ndogo tu ukiilinganisha na iliyopita posta au iliyo mpya. Basi wajanja wakaosha ule wino kwa dawa, wakapiga muhuri wa posta wa uongo mahali pake. Ukiitazama kwa haraka utasema ni nzuri. Ukiiweka chini ya taa maalumu, kivuli cha saini ya karani wa miaka mia iliyopita kinajitokeza.

Wenye kiwanda cha De La Rue kule London walikuwa wamekwisha ona hila hizo tangu zamani. Kwa stempu nyingi za makoloni walitumia wino wa zambarau na wa kijani ambao hutoka ukiguswa na maji, makusudi ili mwenye kuosha aharibu stempu yenyewe. Wino huo ungali una tabia ileile. Mtu anayerithi bahasha ya babu yake, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ili abandue stempu, aweza kuitoa ikiwa imepauka kama kitambaa cha deki.

Unguja nako kuna mambo yake. Mwezi Novemba 1895 stempu za India zilipigwa chapa ya jina la Zanzibar katika kiwanda cha gazeti la serikali, na kwa haraka ya wapanga herufi kukatoka nyingine zilizoandikwa "Zanzidar". Kosa hilo la herufi moja limekuwa na thamani kuliko usahihi. Na baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, stempu zenye sura ya Sultani zilizokuwa ghalani zilipigwa kwa mkono muhuri usemao JAMHURI 1964, zikaanza kuuzwa tarehe 17 ya mwezi uleule. Baadaye zilikuja zilizopigwa kwa mashine, zilizonyooka na kupendeza. Lakini zile za mkono, zilizopinda huku na huko, nyingine juu chini, ndizo zinazosimulia wiki ile. Hapa uchafu wa kazi ni ushahidi, na mtu anayetafuta iliyo nadhifu kuliko zote hajui anachokitafuta. Ila na zenyewe zimeghushiwa sana, kwa maana kuchonga muhuri wa mpira si kazi ngumu.

Je, uchache unaweza kushinda hali mbaya? Unaweza, mara moja moja. Mwaka 1873 kijana wa miaka 12 katika Guiana ya Waingereza aliokota katika barua za ukoo wake stempu ya senti moja ya mwaka 1856, nyekundu, iliyokatwa kona zote nne, yenye herufi za karani zilizoandikwa kwa wino na muhuri mzito. Aliiuza kwa shilingi 6. Haikupatikana ya pili iliyokubaliwa kuwa halisi. Mwaka 2014 iliuzwa kwa dola za Marekani milioni 9.48, na mwaka 2021 kwa milioni 8.3. Ni kikaratasi kibaya sana kwa sura, lakini kiko peke yake. Yeyote anayenitajia kisa hicho ili kutetea albamu iliyooza, humwomba anihakikishie kwanza kwamba ya kwake nayo iko peke yake duniani.

Wamarekani wamelifikisha jambo hili mbali zaidi kwa kadi za wachezaji wa besiboli, zilizoanza kama zawadi ndani ya pakiti za sigara na za peremende. Wanazo kampuni ambazo kazi yake ni kutoa alama, kutoka 1 hadi 10, kwa kutazama pembe, kingo na uso wa kadi. Kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952 iliyopewa 9.5 iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6, wenzake wa toleo lilelile waliochakaa pembe huuzwa kwa kijisehemu cha fedha hizo. Na kadi mashuhuri ya Honus Wagner, iliyokuwa na alama 8 na kusifiwa kote kwa kingo zake kali, ilibainika kuwa ilikatwa kwa chombo: mfanyabiashara aliyewahi kuiuza alikiri hivyo mahakamani mwaka 2013. Kumbe ukali ule ulikuwa wa wembe.

Sasa turudi kwetu pembezoni mwa jiji. Katika miaka ya 1970, niliposoma hapa, kijana wa Temeke au Kinondoni hakuwa na duka la stempu. Tulizipata kwa njia tatu. Kwanza, marafiki wa kalamu. Pili, kuandikia balozi na idhaa za Kiswahili za redio za nje, ambazo zilijibu kwa bahasha nene zenye stempu za kuvutia. Tatu, na hii ndiyo iliyokuwa kubwa, matarishi wa ofisi za mjini. Kwa kuwa barua zetu huenda kwenye sanduku la posta na si mlangoni, ofisi moja ilipokea mzigo wa barua kila asubuhi, na tarishi aliyekaa Keko au Mwananyamala aliweza kurudi jioni na mfuko uliojaa. Walikuwa watu wema. Lakini walizichana stempu kutoka kwenye bahasha kwa vidole, wakizichuna pamoja na meno, na muhuri ukabaki nusu kwenye bahasha iliyotupwa.

Kilichosalimika kwa tarishi kilikutana na hali ya hewa. Dar es Salaam ina joto na unyevu wa bahari mwaka mzima, na kati ya Machi na Mei masika huingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Gundi ya stempu hunyonya unyevu huo, ikajishika na chochote kilicho karibu: ukurasa, stempu jirani, jalada. Ukija kuzitenganisha, moja humchuna mwenzake. Wakusanyaji wa nchi za baridi wanaijua sana gundi ya nchi za joto, iliyogeuka rangi na kupasukapasuka, na huipunguzia bei bila kuuliza. Baadhi ya wakusanyaji wa pwani waliamua kuiosha gundi yote ili kuokoa karatasi. Kwa mwenye soko ni hasara. Kwa mwenye kutaka stempu idumu ni busara, maana gundi ikipasuka hupasua na karatasi.

Albamu ya chama chetu ilianzishwa na waliotutangulia, kabla ya mimi kufika kidato cha kwanza. Ina kurasa zaidi ya mia moja. Kamati ilinikabidhi pamoja na bati la biskuti, vyote vikiwa vimetolewa katika stoo ya nyuma ya maktaba, ambayo paa lake linavuja. Nilikaa navyo wiki tatu. Stempu nyingi za albamu zilibandikwa kwa gundi ya unga wa ngano uliochemshwa, ambayo mende huipenda kuliko sisi tunavyopenda maandazi. Samaki wa mwaka 1967 wameliwa mapezi. Vipepeo wa mwaka 1973 wamegandana kurasa mbili mbili. Zipo stempu za Ulaya ya Mashariki nyingi na safi, lakini hizo zilichapwa kwa mamilioni kwa ajili ya watoto kama sisi, na ukamilifu wa kitu kilichojaa tele hauna mnunuzi. Albamu hiyo, kwa hukumu yangu, haiwezi kulipa hata mabati matano ya paa.

Bati ndilo jambo lenyewe. Ndani yake mna bahasha 212, nzima na stempu zake, zilizopelekwa kwa shule hii kati ya mwaka 1961 na 1977. Mtu fulani katika ofisi ya shule, Mungu amjalie, hakuzichana. Zipo zenye stempu za Uhuru wa Tanganyika za Desemba 1961. Zipo zilizoandikwa Uganda, Kenya na Tanzania, majina yakibadilishana nafasi ili asinung'unike mtu, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Ipo mihuri ya Kigoma, Songea, Bukoba, na ya Temeke na Magomeni, inayosomeka tarehe yake. Stempu ya senti 30 iliyobanduliwa haina bei ya kutaja. Ikiwa juu ya bahasha yake, ikiwa imelipa nauli halali kutoka mahali panapojulikana hadi mahali panapojulikana, inatafutwa. Na ipo bahasha moja kutoka Unguja, ya mwaka 1964, yenye JAMHURI iliyopigwa kwa mkono ikipinda kushoto. Kona yake ya juu imechanika pale mtu alipoifungua kwa kidole, na mgongoni kuna duara la kikombe cha chai.

Mnunuzi mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, ameiandikia kamati akitaka kununua vyote kwa bei ya jumla. Ametoa sharti kwamba stempu zikatwe kutoka kwenye bahasha, eti ili zisafirishwe kwa urahisi, na kwamba ile ya Unguja isafishwe doa la chai. Nimewaambia wajumbe wazi kwamba sharti hilo peke yake linatosha kumfungia mlango. Ama hajui kazi yake, ama anaijua vizuri mno. Bahasha zikikatwa hazirudi, na doa la chai likioshwa litaondoka pamoja na wino wa muhuri ambao ndio uthibitisho wote.

Najua hoja ya wenzangu wanaotaka kuuza. Paa linavuja kweli, na watoto wanasomea maktaba hiyo. Sipingi kuuza. Nasema ziuzwe albamu na stempu za nje kwa kiasi chochote kitakachopatikana, na bahasha zitazamwe kwanza na mtaalamu wa stempu za Afrika Mashariki asiye mnunuzi. Akisema zile thelathini hivi ambazo nimezitenga zinaweza kulipa paa, tuzungumze tukiwa na hesabu mkononi. Wapo wanaosema bahasha hizo ni kumbukumbu ya shule na zisiguswe kabisa. Mzee mmoja wetu alitambua mwandiko wa marehemu baba yake juu ya bahasha ya mwaka 1969, ya kuulizia karo. Hiyo moja, naamini, sote tutakubaliana itoke kwenye hesabu.

Kwa sasa nimeziweka katika mifuko angavu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si ile ya plastiki laini ya dukani ambayo hutoa mafuta na kuharibu wino. Zimesimama wima, hazikulaliana, katika kabati la ofisi ya Mwalimu Mkuu, mbali na ukuta wa nje. Jambo hili litajadiliwa katika mkutano wetu mkuu baada ya chakula cha mchana, na kura itapigwa. Bahasha zitakuwa mezani kwa kila mtu kuzitazama. Kwa kuwa mchana huo kutakuwa na pilau, naomba maji na sabuni viwekwe karibu na mlango.